Kichupa Kilichoandikwa Mzima

Bosi wangu ni daktari wa damu, lakini akiona sindano inakuja kwake yeye, rangi inamtoka. Ndiyo maana tulipoanza kutengeneza kipimo chetu, damu ya kwanza ya kulinganishia ilitoka mkononi mwangu. Kila sampuli lazima ipimwe kando ya damu ya mtu asiye na tatizo, na mimi, ninayejisifu kwamba sijawahi kulazwa, nikajitolea. Nikaandika kwenye kichupa: MZIMA. Bosi akanitania kwamba mzima wa mwili sawa, wa kichwa tutazungumza siku nyingine.

Kipimo chenyewe kilikuwa cha wanawake wenye ule ugonjwa wa damu kutoganda. Miaka yote watu walihangaika na wanaume, kwa sababu kasoro yake hukaa kwenye kromosomu X, na mwanamume anayo moja tu, ikiharibika hana pa kukimbilia. Mwanamke anazo mbili, basi akaambiwa: wewe ni mbebaji tu, unaupitisha kwa wanao, nenda nyumbani. Hilo "tu" lilikuwa linanichefua. Katika kila seli ya mwanamke X moja hulala, na hakuna anayejua italala ipi. Ikilala ile nzima katika seli nyingi, huyo mbebaji tu anaweza kuvuja damu kwenye kitanda cha kujifungulia mpaka roho ikatoka.

Na mdogo wangu alikuwa karibu kujifungua. Tunamwita Chiriku, kwa sababu mdomo wake haupumziki. Tuliwahi kuwa na kaka. Aling'olewa jino akiwa kijana, damu ikakataa kukatika, tukamzika. Hospitali walimwambia mama kwamba ugonjwa ulipitia kwake, akaipokea habari hiyo kama hukumu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitaja jambo lile mbele yake.

Nikamtoa Chiriku damu, nikaipima kando ya kichupa changu, na majibu yakalingana. Nilifurahi kama mwehu. Nikaenda kwake mbio nikamwambia damu yake ni sawasawa na ya mzima, ajifungue kwa raha zake.

Alicheka mpaka akashika kiuno. Akaanza kunikumbusha enzi za shule, jinsi sisi wawili tulivyokuwa tukijifunga taulo zima siku zetu zikifika na bado sketi zinachafuka, na jinsi nilivyoanguka mstarini asubuhi moja, mwalimu akasema najidekeza. Mama alikuwa akipiga pasi nguo za mtoto. Akasema bila kuinua macho kwamba wanawake wa nyumba hii ndivyo walivyo, hata bibi alikuwa hivyo hivyo.

Nikaacha kucheka. Damu ya mdogo wangu ililingana na yangu, sawa, lakini nani alisema yangu ni nzima? Ni mimi mwenyewe, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Mjinga gani anajifanya mizani halafu hajipimi?

Kesho yake nilifika kazini nimefura. Nikamkalisha bosi kitini nikamwambia afumbe macho, kisha nikateremka kwa wahasibu wa ghorofa ya chini nikawatoa damu wote waliokubali na wawili waliokataa. Tulipopima upya kando ya damu zao, ya Chiriku ilikuwa chini sana, na yangu chini vilevile. Bosi, pamba bado imebanwa kwenye kiwiko, hakunitania. Aliniambia pole, kisha akapiga simu wodi ya wazazi yeye mwenyewe, akataka dawa ya kugandisha damu iwe tayari kabla mdogo wangu hajaingia.

Siku ilipofika damu ilikuja kweli, tena kwa wingi uliomnyamazisha mkunga. Lakini dawa ilikuwa imeshaingia mshipani, na taratibu damu ikakatika. Chiriku alipoanza kulalamika kwamba chai ya wodini haina sukari, nilijua amepona. Nikatoka koridoni nikalia.

Mama alikuwa kwenye benchi amempakata mjukuu wake, msichana. Nikakaa kando yake nikamweleza yote, kuhusu Chiriku na kuhusu mimi. Akaniuliza kwa sauti ya chini:

"Kwa hiyo na nyinyi nimewapa?"

Nikamuuliza ilikuwaje alipomzaa kaka. Akasema alivuja siku nyingi, asiweze hata kusimama, na wauguzi wakamwambia ni mlegevu, ajikaze kama wenzake. Hakuwahi kumsimulia mtu, aliona aibu.

"Mama," nikamwambia, "wewe na kaka mlikuwa wagonjwa wawili. Ila wewe hakuna aliyekuuguza."

Alimtazama mtoto, akamfuta chozi lililomdondokea shavuni, lake mwenyewe. Halafu akanipa nimshike, akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko, akauliza kama sindano inauma sana.