Mwambie Kakosea Wapi

Walinichoma sindano ya mgongoni, nikafa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, lakini masikio yalibaki yangu. Mbele ya uso wangu walitundika pazia la kijani lenye kiraka pembeni, kimeshonwa kwa uzi mweupe. Nyuma yake walikuwa wakinitengeneza ngiri ya kitovu: daktari bingwa mwenye sauti nzito, na binti anayesomea upasuaji.

Huyo binti ndiye aliyenipima asubuhi. Nilipomuuliza kama ndiye atakayenishona, alitabasamu nusu.

"Bibi, mwezi wa tatu huu sijaachiwa kumaliza kidonda hata kimoja. Ijumaa bingwa anaandika kama niendelee au nirudie mwaka. Na sijui hata nakosea wapi."

Walipofika kwenye kushona ngozi ndipo nikamwelewa. Nilisikia koleo la sindano likilia ka, ka. Kisha kimya. Kisha bingwa: "Lete."

Basi, neno hilo tu. Akashona yeye kidogo, akamrudishia. Ka, ka. "Lete."

Nesi aliyeketi kichwani pangu kunipima presha akaangalia dari.

Mtu wa namna hiyo namjua, maana ni mimi. Binti yangu wa kwanza alipojifunza kupika, nilikuwa nampokonya mwiko bila kusema neno. Nilidhani anaona kosa. Kumbe alichoona ni mkono wangu tu, na mpaka leo nikiingia jikoni kwake ananipisha kama nimekuja kumkamata.

"Lete." Mara ya tatu.

"Dokta," nikaita.

Vyuma vikanyamaza. "Vipi, bibi, unaumia?"

"Siumii popote. Ila umemnyang'anya mwenzio mara tatu. Mwambie basi kakosea wapi."

Nesi akajikohoza kuficha kicheko.

"Bibi, tuko kazini hapa."

"Na mimi ndiyo kazi yenyewe. Tumbo ni langu."

Nikajuta. Mtoto wa watu nimeshamharibia Ijumaa yake, nikasema moyoni, nikaanza kutafuta maneno ya kuomba radhi.

Bingwa akashusha pumzi. "Unakaza mno," akamwambia binti. "Tazama ngozi hapa, imekuwa nyeupe. Kesho itavimba, uzi utaikata. Kutanisha kingo tu, usizibane. Mkono wako wenyewe ni mzuri."

"Mimi nilidhani nalegeza mno," binti akasema. "Ndiyo maana kila ukichukua koleo, nikirudi nazidi kukaza."

"Miezi mitatu?"

"Miezi mitatu, dokta."

Bingwa akaguna kama mtu aliyekanyaga msumari. "Haya. Shika."

Ka, ka.

"Huu?"

"Huo sawa."

"Na huu?"

"Huo sasa umelegea. Ufungue."

Nikamwonea huruma, lakini yeye alisema, "Naona," kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake tangu asubuhi. Nikasikia mkasi, kisha koleo tena.

Halafu kitu kikalia pa! ndani ya ndoo. Bingwa alikuwa amevua glovu zake. Akaja upande wangu wa pazia, mikono mitupu, isiyoruhusiwa tena kugusa kidonda, akaiweka nyuma ya mgongo.

"Bibi," akasema, "anamaliza yeye."

"Namsikia," nikamjibu.