Kadi Iliyokosa Mashahidi

Kama umewahi kukaa miezi kumi na moja na neno la herufi tatu, utamwelewa Bi Kadi. Kama hujawahi, shukuru. Neno lenyewe lilikuwa kitenzi cha Kiingereza, set, na kazi yake ilikuwa kukihamishia kwenye Kiswahili, maana moja baada ya nyingine, ndani ya kamusi ambayo ofisi yao ilikuwa ikiitengeneza tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi zote. Waingereza wamekibebesha kitenzi kile mizigo hadi huruma inakushika. Meza inaandaliwa, ni kile. Mtego unategwa, ni kile kile. Mtihani unatungwa, mfupa unaungwa, saa inategeshwa, jua linazama, kuku anaatamishwa, ni kile kile, jamani, kile kile!

"Hivi hawa watu walikosa maneno au walikosa haya?" aliwahi kumuuliza mumewe.

Lakini jana yake jioni alikuwa amemaliza. Kadi mia moja ishirini na sita zilikuwa zimejipanga ndani ya sanduku kwenye meza ya Mhariri Mkuu, kila kadi na maana yake, kila maana na visawe vyake. Bi Kadi alishusha pumzi ndefu, akarudi nyumbani, akalala fofofo. Na kabla hamjaingiwa na wasiwasi kwa yale yanayofuata, niseme mapema kwamba mambo yaliisha salama, na siku hizi akisimulia hucheka mwenyewe hadi chai inampalia. Asubuhi ile, hata hivyo, hakucheka.

Pale ofisini kulikuwa na utaratibu ambao Mhariri Mkuu aliulinda kuliko mshahara wake. Neno haliingii kwenye kamusi mpaka lipate mashahidi wawili: watu wawili wasiohusiana, waliolitamka wenyewe wakiwa kwenye shughuli zao, bila kuulizwa. Ukimwendea mtu ukamwambia, "Eti hiki mnakiitaje?" umeshaharibu, kwa sababu mtu akiulizwa hujikohoza kwanza, kisha hukutolea neno la kukupendeza. Unatakiwa ukae karibu, utege sikio, usubiri. Nyuma ya kadi unaandika ni nani, alikuwa wapi, alikuwa akifanya nini. Ikigundulika kwamba shahidi alilipata neno kwako wewe mwenyewe, haiondolewi kadi ile peke yake. Kitenzi kizima kinarudi mwanzo, na wewe unahamishiwa stoo kupanga magazeti ya zamani. Mwenzao wa herufi H yalimkuta miaka minne nyuma. Mpaka leo yuko stoo, anakohoa vumbi.

Basi saa moja asubuhi, mumewe Bi Kadi, fundi saa mstaafu ambaye mtaa mzima unamwita Baba Pacha, alikuwa amekaa mezani akigundisha mkono wa kikombe uliovunjika. Bi Kadi akanyoosha mkono akichukue.

"Usiguse, Mama Pacha. Haijakamata gundi hiyo."

Bi Kadi akatabasamu. Kadi ya tisini na moja hiyo! Kwa zege, saruji au gundi: kuganda, kushika, kukamata. "Hilo neno nimeliweka kwenye kamusi," akasema kwa majivuno kidogo.

"Utaachaje kuliweka, na wewe ndiye mwenye neno?"

"Mwenye neno kivipi?"

"Si ulikuja nalo wewe? Tulipomwaga zege la sakafu ya jiko. Ulisimama hapo mlangoni na mwiko mkononi, unawafokea mafundi: 'Mtu asikanyage, halijakamata!' Yule fundi mfupi akawa anakuiga hadi kazi inaisha. Halafu mwaka uliofuata, yule aliyetujengea ngazi za nyuma naye ukampa dozi ile ile, akalidaka. Mbali na hao, mimi sijawahi kulisikia kwa mtu mwingine."

Bi Kadi aliurudisha mkono wake. Alizijua kadi zake kama wanawe, mbele na nyuma. Nyuma ya ile ya tisini na moja aliandika kwa mkono wake, kutoka kwenye kumbukumbu: fundi mfupi, sakafu ya jiko, fundi wa ngazi, uani. Mafundi wawili wasiojuana kabisa, alilisikia kwa masikio yake, na kweli hakuwauliza. Aliwafundisha, kisha akasahau.

"Baba Pacha, umenimaliza."

"Nimekumaliza na nini tena? Hata chai hatujanywa."

Alipomweleza, mzee aliweka kikombe chini pole pole, kama mtu aliyeshika yai. "Mimi sijasema kitu," akanong'ona. "Nimeshasahau. Na wewe sahau."

Nisiwafiche, Bi Kadi alifikiria kunyamaza. Aliifikiria hiyo njia kuanzia mlango wa nyumba hadi kona ya duka la vioo, na ilikuwa njia tamu. Nani angejua? Ila barua iliyompeleka yule wa herufi H stoo ilikuwa na sahihi tatu, na ya tatu ilikuwa yake. Alipokumbuka hilo, utamu wote ukamtoka mdomoni.

Mpanga kurasa angefika saa sita mchana kuichukua herufi S. Mashahidi wapya wawili wakipatikana kabla ya hapo, kadi imetakata na kitenzi kimepona. Bi Kadi akapiga moyo konde, akageuza njia, akaenda kutafuta zege.

Kuuliza hakuruhusiwi, lakini hakuna kanuni inayomkataza mama wa watu kutembea. Nyuma ya benki walikuwa wanamwaga njia ya magari. Bi Kadi akajifanya mtu aliyezama kwenye mawazo, akaelekea moja kwa moja kwenye zege bichi.

"Mama! Wee mama! Rudi, halijakauka hilo!"

Kukauka. Akaomba radhi, akaondoka. Kwenye kituo cha mafuta, kijana mmoja akamshika mkono kwa adabu na kumwambia, "Zunguka huku, mama, hapo bado bichi." Kwenye mfereji wa barabara kubwa, fundi mwenye sigara sikioni akamwambia halijashika, halafu akamuuliza kama nyumbani kwake wanajua kwamba ametoka. Yote maneno mazuri, yote yalikwishapata mashahidi wake, na saa ilikuwa inakimbilia tano. Jua lilimchoma utosini. Alianza kuamini kwamba neno lile halipo duniani, kwamba alilitunga mwenyewe mlangoni pa jiko lake na kuliuzia taifa zima.

Mahali pa nne palikuwa zahanati inayojengewa ngazi mpya. Safari hii hakujifanya chochote. Alikuwa amechoka, haangalii mbele, na mguu wake wa kulia ukazama hadi kwenye kifundo.

"Chomoa mguu, mama, chomoa!" Ilikuwa sauti ya mwanamke. Fundi mmoja, mwenye viatu vya mpira vinavyomfika magotini, alikuwa anakuja mbio na mwiko. "Hili tumelitia dawa, halingoji mtu! Likikamata hapo tutakuzika na kiatu chako!"

Bi Kadi akabaki amesimama mle mle, anacheka peke yake.

"Chomoa basi!"

"Nachomoa, mwanangu. Asante. Asante sana."

"Asante ya nini, na ngazi umeniharibia?" Fundi akapiga magoti kuusawazisha ule uharibifu, huku akinung'unika kuhusu watu wazima wasioona. Bi Kadi alikuwa ameshatoa kadi kwenye mkoba, anaandika kwa haraka mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Shahidi mmoja. Alikwenda ofisini nusu anatembea nusu anakimbia, kiatu kizito, akiwa ametega sikio kwa kila mtu aliyepita, na kila mtu aliyepita aliongea mambo yake. Kwenye ukumbi wa ofisi alipita akaacha alama za mguu mmoja juu ya vigae. Mhariri Mkuu alikuwa kwenye simu, kwa hiyo Bi Kadi akakaa kwenye benchi nusu saa nzima, nje ya mlango, akijaribu kukifuta kiatu kwa gazeti na kuzidi kujipaka.

Alipoitwa, mpanga kurasa alikuwa ameshafika, mkoba mapajani. Sanduku la kadi lilikuwa katikati ya meza. Bi Kadi hakukaa. Alisimulia yote: kikombe, jiko, mafundi, zahanati. Hakujitetea. Na ajabu ni kwamba alipofika mwisho, alijiona mwepesi, ingawa alijua kabisa stoo inamngoja.

Mhariri Mkuu alivua miwani. "Shahidi mmoja."

"Mmoja, mzee."

"Na wale wawili uliwafundisha wewe."

"Niliwafundisha. Nilisahau, lakini niliwafundisha."

"Ungenyamaza nisingejua mpaka naingia kaburini."

"Najua."

"Tulitoe hilo neno moja, basi," mpanga kurasa akajaribu. "Hayo mengine yana kosa gani?"

"Nikifanya hivyo, yule aliye stoo nitamwambia nini?" Mhariri Mkuu hakupandisha sauti. Alilivuta sanduku upande wake, pole pole, kwa mikono miwili, na Bi Kadi akaona kwamba hata yeye mzee linamuuma. Miezi kumi na moja ilikuwa inasogea juu ya mbao.

Hapo ndipo sauti ikapasuka kule ukumbini.

"Jamani, ni nani amepita na zege humu? Mtu mzima na akili zake! Si mngeniita likiwa bichi, nifute na kitambaa yaishe? Sasa limeshakamata! Hapa mpaka nitafute kisu!"

Mpanga kurasa alifungua mdomo, Mhariri Mkuu akamnyooshea kidole anyamaze. Kisha akainuka, akaenda mlangoni. Mwanamke aliyevaa aproni ya usafi alikuwa amepiga magoti juu ya vigae, anakwangua kwa ukucha.

"Dada, umeanza kazi lini hapa?"

"Jumatatu, mzee." Mwanamke akaogopa. "Kwani nimekosea?"

"Umewahi kuongea na huyu mama?"

"Huyu? Hata salamu hajawahi kunipa! Na nahisi ndiye mwenye hicho kiatu."

Mhariri Mkuu alirudi kwenye meza, akaitoa kadi ya tisini na moja, akaigeuza. Aliwakata mafundi wawili kwa mstari mmoja mnyoofu. Chini yake akamwandika fundi wa zahanati kama alivyoandikwa kwenye kadi mpya, na chini ya huyo akaandika, akisoma kwa sauti ili wote wasikie: "Mfanyakazi wa usafi. Ukumbi wa ofisi. Alikuwa akikwangua sakafu. Hakuulizwa."

Akairudisha kadi mahali pake, akalisukuma sanduku kwa mpanga kurasa. "Chukua uondoke, kabla hakijatokea kitu kingine."

Bi Kadi hakusubiri kuona sanduku likitoka. Alikwenda ukumbini, akapiga magoti kwenye vigae na nguo zake za kazi, akamkumbatia yule mwanamke aliyekuwa hajawahi kumsalimia, na machozi aliyoyabana asubuhi nzima yakamwagika yote, mengine kwenye aproni.

"Basi, mama, basi," yule mwanamke akasema, akimpigapiga mgongoni kwa mkono wenye vumbi la saruji. "Usilie hivyo. Ni sakafu tu hii, nitaikwangua."