Abiria wa Kiti cha Kulia

Jumamosi asubuhi Kapteni Mukhtar alichovya kijiti katika tangi la bawa la kushoto, akasoma kina cha mafuta, kisha akazunguka hadi bawa la kulia akafanya vivyo hivyo. Alikinga mafuta kidogo kwenye chupa, akaiinua juani kutazama kama yameingia maji. Akatikisa mkia. Akapitisha kiganja kwenye propela kutafuta palipomeguka. Alipofungua mlango alimkuta Bwana Dawud wa kijiji cha Chundwa ameketi kiti cha kulia, mkanda ameshaufunga, bonge la kamba ya makumbi mapajani. Bwana Dawud alikuwa amezikwa siku arobaini na moja kabla ya hapo.

“Asalaam aleikum,” alisema Dawud.

“Waaleikum salaam.”

Mukhtar alitoa karatasi ya uzito akaandika: abiria mmoja, kilo sitini na nne. Ndege ya viti viwili haina mzaha na uzito, na marehemu huja na uzito uleule aliofia nao. Kisha wakaruka.

Siku za kazi Mukhtar alirusha ndege ya abiria mia na hamsini kutoka Nairobi kwenda miji ya ng'ambo. Ndege ile ilijiendesha yenyewe karibu safari nzima, yeye akitazama vioo vya mitambo na kunywa chai. Ndiyo maana siku za mapumziko alirudi kwao kisiwani Amu, akavuka hadi kiwanja cha udongo upande wa Manda, ambako yeye na rubani mwenzake Philip waliweka vindege vyao. Huko juu alishika usukani kwa mikono yake mwenyewe, na hapakuwa na mtu wa kumwuliza kitu. Mamake alipenda kusema kwamba kama unataka kumwona Mukhtar akicheka, umngoje ateremke kutoka kwenye kile kidogo.

Siku ya msiba yeye na Philip walishindana nani atapita chini zaidi juu ya Chundwa. Mukhtar alishinda. Dawud, aliyekuwa fundi wa makuti, alikuwa juu ya paa la mwalimu wa madrasa akifunga safu ya mwisho. Kishindo cha upepo wa ndege kiling'oa makuti, kikamng'oa na yeye. Aliangukia mawe, akafa ndani ya boti kabla ya kufikishwa hospitali. Wachunguzi walikuja. Philip aliapa kwamba walikuwa futi elfu mbili juu, na ripoti ikaandikwa kuwa marehemu aliangushwa na upepo wa kusi. Mukhtar alipeleka gunia la mchele matangani. Mjane, Bi Hadil, alilirudisha kwa boti ileile, uzi wake haujakatwa.

Arobaini ilipopita, Dawud alifika nyumbani kwake alasiri akaomba maji. Bi Hadil alimpa, akangoja amalize kunywa.

“Si hapa,” alimwambia. “Enda ukakae na yule. Kila akipaa, nawe upo.”

“Nimfanye nini?”

“Usimfanye kitu. Keti tu.”

Basi akaketi. Kila Mukhtar alipopaa, Dawud alichungulia dirishani na kuonyesha kwa kidole, kwa adabu, kama mgeni anayetembezwa. “Paa lile la Siyu ni kazi yangu. Lile pia. Hilo la mwisho niliwaahidi baada ya Idi.” Mukhtar alijaribu kupanda juu zaidi, mapaa yasionekane, lakini macho ya Dawud yalikuwa mazuri kuliko alipokuwa hai. Jioni Dawud alirudi Chundwa, na mkewe akamhoji.

“Amelia?”

“Hakulia.”

“Amenena nini?”

“Hali ya hewa.”

“Rudi tena.”

Wiki ya tatu Bi Hadil alimtuma Nairobi akapande ile ndege kubwa. Dawud alirudi baada ya siku mbili. Hakuwa na pasipoti, na pale uwanjani walikataa kupokea cheti cha kifo kama kitambulisho. Bi Hadil alikuwa akipepeta mchele. Alipepeta mpaka ukaisha, akaweka ungo chini.

“Wewe ni fundi, Dawud. Fanya kazi yako.”

Dawud alikiendea kile kindege cha Mukhtar, akaanzia mkiani, kwa kuwa paa huanzwa chini. Aliyafunga makuti kwa kamba, safu juu ya safu, akapanda mgongoni, akamalizia mabawa. Philip alijaribu kuyakata kwa panga. Alipofika upande wa pili, wa kwanza ulikuwa umeshaezekwa upya. Fundi mitambo aliitwa. Alizunguka mara mbili, akabonyeza hapa na pale, akasema hajaona kazi safi kama ile, haivuji popote, ila haitaruka.

Mukhtar alivuka hadi Chundwa. Bi Hadil alimkaribisha barazani, hakumpa chai.

“Bi Hadil, nimekuya kukuomba. Mwite mumeo.”

“Mumangu namwita kwa sharti moya. Kaandike kwamba ulipita yuu ya vitwa vya watu.”

“Nikiandika watanipokonya leseni. Si ya ndege ndogo tu, hata ya ile kubwa.”

“Mimi nilikuwa na mume mmoya. Sikuwa na mdogo na mkubwa.”

Mukhtar alisema yuko tayari kumjengea nyumba ya mawe. Bi Hadil alisema nyumba anayo, aliyeijenga yumo ndegeni. Mukhtar aliondoka, na Jumatatu akarudi kazini Nairobi. Mwezi uliofuata alipandishwa cheo, awe anawafundisha marubani wapya.

Bi Hadil aliposikia habari hiyo alimshika Dawud mkono, wakaenda pamoja kwenye ofisi ya uchunguzi. Afisa, kijana mpole aliyeitwa Jeilani, aliwapa viti wote wawili.

“Haya, mzee, nieleze ilivyokuwa.”

Dawud alieleza. Alitaja ndege, rangi yake, namba iliyo chini ya bawa, kwani alikuwa ameisoma. Jeilani aliandika kurasa tatu, akamsomea, akamkingia kidau cha wino. Dole la Dawud lilitoka vizuri, kila mstari. Kisha Jeilani akafunga faili.

“Samahani, mama. Haya yote nayaamini. Lakini shahidi huyu amefariki, na sheria yataka shahidi aliye hai.”

“Aliye hai ni Philip,” alisema Bi Hadil.

“Naye alishaapa.”

Faili lilirudi kabatini na upepo wake wa kusi. Bi Hadil alisimama, akakaza buibui. Nje jua lilikuwa kali, na watu walimwamkia Dawud, naye akawaitikia mmoja mmoja.

“Ndege ya Philip bado yaruka?” Bi Hadil aliuliza.

“Yaruka. Ameihamishia Malindi.”

“Makuti ya Malindi yakoje?”

“Mafupi,” alisema Dawud. “Lakini ukiyabana, yafaa.”

Bi Hadil akauliza boti ya Mokowe, ya kuvukia bara, yatoka saa ngapi.