Mstari Mrefu kwa Mchezo wa Fiacre

Mstari ulianzia mlangoni mwa sale, ule ukumbi wa parokia pale Saio mjini Bunia, ukapita mbele ya vyoo, ukakata kona, na mwisho wake Honorine hakuuona. Ee Mungu wangu! Mikutano yake miwili ya kwanza ya watengenezaji wa michezo ya kompyuta ilileta watu wanne, yeye mwenyewe akiwemo, na mmoja wao alikuja kuchaji simu tu. Leo watu zaidi ya mia, na saa tatu ya asubuhi haijafika!

Alitaka kufurahi, lakini kichwa kilikataa. Hawa wametoka wapi? Tangazo alilituma kwenye kikundi cha WhatsApp chenye watu kumi na tisa, na nusu yao hawajibu hata salamu.

"Fiacre, ni weye uliita batu?" alimwuliza kijana aliyekuwa akiunganisha nyaya ndani.

"Miye? Sikuita hata mbwa, dada."

Huyu Fiacre ndiye aliyemnyima raha wiki nzima. Alitengeneza mchezo wake peke yake kwa miaka miwili, kwa umeme wa kuombaomba: mwanamke ana mzigo kichwani, anatafuta njia ya kurudi nyumbani. Hakuna mtu aliyewahi kuucheza. Alhamisi alisema wazi kwamba leo pia akikosekana wa kuucheza, atauza mashini yake ya kompyuta na kwenda kuchimba dhahabu Mongbwalu. Na Fiacre si mtu wa kutisha watu bure.

Basi Honorine akajikaza, akaketi kwenye meza aliyoiweka nje ya mlango, akafungua daftari la majina na kumwita wa kwanza.

"Jina, mama?"

"Joséphine. Tuko batu saba. Tulikimbia vita toka Djugu." Akaweka mezani karatasi ya kambi iliyochakaa kwa kukunjwa. "Leo ni bâche ya kufunika nyumba, ao ni unga?"

Hapo Honorine akaelewa. Meza, daftari, kalamu, msichana mwenye kitambulisho shingoni: nani Bunia asiyejua kwamba hapo msaada unagawiwa? Mtu mmoja wa kambi ya wakimbizi alipita, akaona, akapiga simu kwa wenzake, basi. Na yeye, mjinga gani, aliyapanga hayo yote ili aonekane sérieux, mtu wa kazi ya kweli!

"Mama, unga haiko. Siye tunatengenezaka tu michezo."

Ikabidi arudie kwa sauti kubwa. Mstari ukanung'unika. Wengine wakaondoka kimya, mzee mmoja akauliza kama basi unga utafika kesho, na wengine hawakubanduka, maana mara nyingine huambiwa hakuna, kisha vitu vinatolewa. Aibu ilimchoma Honorine. Hakujua afunge sale, aombe msamaha, ama aendelee kuandika.

"Nilitoka kambini saa kumi na moja ya alfajiri, kwa miguu," alisema Mama Joséphine. "Muniache nikae kwanza." Akaingia, akaketi kwenye kiti cha kwanza alichokiona, nacho kilikuwa mbele ya mashini ya Fiacre.

Fiacre akamwonyesha vitufe vinne. Mama akabonyeza, na yule mwanamke wa kwenye skrini akapiga hatua. Mama akaguna, akasogeza kiti. Akapotea mara tatu, akamtukana Fiacre kwa lugha ya kwao, akaanza upya. Waliobaki nje wakaingia, wakamsimamia nyuma, kila mtu na njia yake.

"Pita kushoto, mama! Kule iko barrière, njia imefungwa!"

Honorine hakujua tena kama mkutano huu ni wake ama ni wa nani.

Hatimaye nyumba ikaonekana. Mama akafika mlangoni, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Inaisha pale, mama," alisema Fiacre. "Umefika."

"Nimefika wapi? Fungula."

"Sikutengeneza ndani."

"Kumbe! Unatembeza mutu hivi, na unamuacha inje?"

Fiacre akamtazama Honorine. Kisha Fiacre akavuta kiti, akaketi ubavuni mwa mama.

"Tukifungula mulango, mama, nini iko ya kwanza?"

Mama Joséphine akafumba macho.

"Mafiga, hapa kuume," alisema. "Weka moto. Siwezi kuingia mu nyumba yenye haina moto. Jumamosi nitarudia, nione."

Fiacre alikuwa ameshaanza kuchora mafiga kwenye skrini.