Hesabu ya Vikombe vya Kuze

Ramani ilipobandikwa ukutani ofisini, mtaa wa Kuze ulikuwa mweupe pe. Rangi nyeupe, kwa maelezo yaliyoandikwa chini, ni mtaa usiohitaji deikea, nyumba ya kulelea watoto mchana. Asubuhi ile ile mimi mwenyewe nilikuwa nimemwacha mwanangu Fahmi huko huko Kuze, kwa mlezi wake Bi Mwanakhamis, akinivuta buibui na kulia, na nilipotoka ilibidi niangalie nisiwakanyage wenzake waliojaa ukumbini. Basi damu ilinipanda. Mimi sina subira. Mamangu alinikatia tamaa zamani.

"Bwana Zakariya," nikasema, "hii ramani ni ya uongo."

Zakariya ndiye mkuu wa mradi wetu. Ni mtu mpole, mwenye kupiga pasi hata leso ya mfukoni, na anaamini tarakimu kama wengine wanavyoamini sindano ya hospitali. Shirika letu lilipewa kazi ya kuonyesha, mtaa kwa mtaa, ni wapi kisiwani Mombasa watoto wadogo ni wengi na wa kuwalea ni wachache. Mtaa utakaotoka mwekundu kuliko yote ndio utakaopata deikea: kodi ya nyumba italipwa na walezi watapata mshahara.

"Si uongo, Fairuz," akajibu. "Sensa inaonyesha Kuze ina watoto wachache, na wanawake wazima walioko nyumbani ni wengi. Kila mtoto ana nyanya, ana shangazi. Tena karani wetu Bonface amezunguka mlango kwa mlango kuuliza watoto wanaoletwa kulelewa ni wangapi. Sufuri."

"Walioko nyumbani! Wako nyumbani wakikaanga viazi vya kuuza, wakishona kofia, wakipamba maharusi. Na sensa humhesabu mtu pale alipolala. Mtoto wa mwenzangu Mbodze hulala Likoni, ng'ambo ya feri, kahesabiwa Likoni. Lakini Mbodze yuko kwenye ghala Kilindini, anapakia majani chai kutwa nzima, na mwanawe anashinda Kuze. Mtoto aliyelala ubavuni mwa mamake anahitaji deikea ya nini? Anaihitaji mama akiwa kazini!"

Zakariya aliikunja leso yake upya. Alijua nimesema kweli, na hilo ndilo lililozidi kunikera.

"Hoja ni nzuri," akasema, "lakini hoja si takwimu. Kamati ya kuchagua mtaa inakaa Alhamisi. Niletee takwimu."

Nilikuwa na sababu ya kuungua. Mwenye nyumba ya Bi Mwanakhamis alikuwa amempa notisi, kwani kuna mfanyabiashara wa magodoro aliyeutaka ule ukumbi uwe stoo yake, na mwisho wa mwezi Bi Mwanakhamis awe ametoka. Kuze ikibaki nyeupe, watoto wote wale hawana pa kwenda. Mimi ningehangaika, ningepata msaada kwa dada zangu. Mbodze hana mume wala dada mjini. Kwake yeye ingekuwa kuiacha kazi, basi.

Nikamchukua Bonface tukaenda Kuze. Njiani hakusema mengi. Ni mtu mzima, mwangalifu, na alihisi kwamba nilikuwa natafuta wa kumrukia.

Bi Mwanakhamis alikuwa mlangoni anachambua mchele.

"Sabalkheri, Bi Mwanakhamis."

"Sabalkheri, mwanangu. Umerudi? Kwema?"

"Kwema. Nina suali tu. Hawa watoto ulio nao ni wangapi?"

Akauweka ungo chini.

"Wamo."

"Wamo wangapi?"

"Wamo, alhamdulillahi. Weye Fairuz, n'nani alokulea weye? Tangu lini watoto wa watu wakahesabiwa? Wataka wapatwe na jicho? Kesho mmoja akishikwa na homa, mamake akija hapa nimwambieje, ni hesabu ya Fairuz?"

"Na huyu Bonface alipokuja?"

"Nalimwambia vivyo hivyo. Na chai nikampa."

Bonface akakuna kichwa. "Dada Fairuz, kila mlango niliambiwa wamo. Fomu inataka nambari, haina pa kuandika wamo. Nikaacha wazi. Pakiwa wazi, kompyuta inasoma sufuri."

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mtaa mzima umejaa watoto hadi ngazini, wanawake wanamshukuru Mungu kwa kila mmoja wao, na kompyuta imesikia sufuri. Wala sikuweza kumgombeza mtu. Kwetu Bondeni hakuna aliyewahi kumuuliza mamangu tuko wangapi akapata jibu. Na mimi na digrii yangu ya takwimu, mtu akimsifu Fahmi bila kusema mashallah, humfunika uso.

Nikaketi pale kizingitini nimenuna. Ndani, Nyevu, msichana anayemsaidia Bi Mwanakhamis, akaita kwamba uji umeiva.

"Toa vikombe ishirini na viwili!" Bi Mwanakhamis akamjibu bila kugeuka. "Na kile kilopasuka usikitie, chavuja!"

Nikamkodolea macho.

"Bi Mwanakhamis, umehesabu."

"N'mehesabu nini?"

"Vikombe."

"Ebo! Kwani kikombe chapatwa na jicho?"

Nilimbusu mkono, nikambusu na ule wa pili, na mchele ukamwagika. Alinitukana kidogo, kwa haki.

Jioni ile tuliandika maswali mapya, mimi na Bonface. Hakuna neno mtoto hata mara moja. Asubuhi mwatia vikombe vingapi vya uji? Kati ya hivyo, vingapi ni vya wanaokuja asubuhi na kurudi kwao jioni? Na wanaowaleta hufanya kazi wapi? Siku mbili tukapita vichochoro vya Kuze mpaka tukatokea Bondeni, na milango ile ile iliyomwambia Bonface wamo sasa ikawa haina simile. Mmoja alitutolea vikombe vyenyewe akavipanga barazani. Mwengine alisisitiza tuandike kwamba kwake si uji, ni chai ya maziwa na mahamri, asifananishwe na jirani yake. Wanawake walicheka, wakashindana, wakalalamikia bei ya sukari. Bonface alirudi ofisini na mifuko imejaa kashata, akasema hajawahi kupenda utafiti kama huu.

Tulipoingiza majibu, Kuze ilianza kugeuka. Ikawa waridi, kisha nyekundu, kisha nyekundu iliyoiva kama tunda la kunazi, kuliko mtaa wowote kisiwani. Nilipiga kelele hadi mlinzi akapanda ngazi mbio akidhani nimeona nyoka.

Zakariya aliitazama ramani kwa muda mrefu.

"Vikombe, Fairuz."

"Ndiyo, vikombe."

"Nisimame mbele ya kamati niseme tumehesabu vikombe? Mtoto mmoja anaweza kunywa viwili. Tena mwanao yuko kwenye nyumba hiyo hiyo. Watasema unajitafutia."

Hilo lilinichoma, kwa kuwa lilikuwa kweli.

"Najitafutia, ndiyo," nikasema. "Ungekuwa na wako wa kumwacha kila asubuhi akilia, nawe ungejitafutia. Lakini ramani ile ya kwanza ilikosea, na wewe wajua ilikosea. Waje waone kwa macho yao."

Nilitegemea akatae. Akachukua simu, akampigia mwenyekiti.

Alhamisi kamati haikukaa ofisini. Ilivua viatu mlangoni kwa Bi Mwanakhamis na kubanana ukumbini, watu wanne na mikoba yao, mbele yao mwenyekiti Bi Stacy, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno. Watoto waliacha kucheza wakawatazama. Zakariya, maskini, akafanya kile anachokijua. Akanyoosha kidole.

"Mmoja, wawili, watatu..."

"Baba," Bi Mwanakhamis akasema, "shusha kidole."

Zakariya akakishusha.

"Nyumbani kwangu hawahesabiwi. Ukitaka kuwajua, wahudumie."

Akamkabidhi birika la uji. Nyevu akamwekea miguuni sinia lenye vikombe vyote vya kila siku. Zakariya akanitazama, na mimi, kwa mara ya kwanza tangu aniajiri, nilinyamaza. Akachutama na suruali yake ya pasi, akamimina, akampa wa kwanza.

"Upulize kwanza! Wa moto huo!" Bi Mwanakhamis akamfokea.

Akapuliza. Akampa wa pili, wa tatu, akapuliza, akafuta kidevu cha mmoja kwa ile leso yake. Kulikuwa na mmoja aliyekataa mpaka abembelezwe, naye Zakariya akambembeleza, sijui sauti ile aliitoa wapi. Ukumbini zikasikika sauti za watoto wakinywa tu. Kikombe cha mwisho alikipeleka kwa mdogo aliyepakatwa na Nyevu. Sinia likabaki tupu.

"Bwana Zakariya," Bi Stacy akauliza, "ripoti inasema vikombe vingapi kwa nyumba hii?"

"Ishirini na viwili."

"Umegawa vingapi?"

Akalitazama sinia. "Vyote."

"Kuna aliyekosa?"

Akageuka taratibu, akaangalia kila uso. "Hakuna."

"Aliyepata viwili?"

"Huyu alijaribu," akasema, akimwonyesha Fahmi, na watu wakaangua kicheko.

Hapo ndipo Mbodze alipoingia, kitambaa cha kichwa kimejaa vumbi la majani chai, ametoroka ghalani dakika chache aje kunyonyesha. Akawaona watu wa mikoba. Akamnyakua mwanawe, kikombe na yote.

"Ni nyinyi wa magodoro?" akauliza. "Mmesema mwisho wa mwezi. Mwezi haujaisha. Lakini kama ni leo niambieni ni leo, nirudi nikaage kazini, maana sina pengine pa kumweka."

Mjumbe mmoja aliangalia sakafu. Bi Stacy alisimama akamwendea, akamwekea mkono begani.

"Hakuna atakayekutoa, mama. Sisi si wa magodoro." Kisha akatugeukia sote. "Kamati imekaa. Napendekeza deikea iwe hapa, mlezi mkuu awe Bi Mwanakhamis, na mkataba na mwenye nyumba utiwe sahihi kesho. Nani anapinga?"

Hakuna aliyeinua mkono. Zakariya alikuwa bado amechutama, uji umemkauka kwenye tai.

Mbodze aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Alipohakikisha, aliketi chini pale pale, akamnyonyesha mwanawe na machozi yakimtiririka, huku akicheka. Bi Mwanakhamis alipiga kigelegele, jirani akakipokea dirishani, na kikaenda nyumba hadi nyumba hata nikasikia kinaitikiwa upande wa pili wa mtaa na watu wasiojua kuna nini. Nami nilikipiga, ofisini mwangu wakinisikia shauri yao. Nilikuwa nimeshinda, na sikuona haya kulisema.

Jumatatu nilichelewa kazini kwa makusudi, niwepo kwa Bi Mwanakhamis yule wa magodoro akija. Mkataba ulikuwa umeshatiwa sahihi, ila kwa yule wa magodoro habari ilikuwa haijafika. Alikuja na fundi wake na utepe wa kupimia, akapiga hodi, akasema wamekuja kupima stoo.

Bi Mwanakhamis alitoka na mtoto kiunoni, mwengine kamshika kanga. Nyuma yake walikuwa wamejaa hadi kwenye ngazi.

"Hapa pana watu, baba," akamwambia. "Kapime kwengine."