Siku Chiriku Alipompokonya Bosi Mtoto

...kampokonya! Kampokonya bosi wake mtoto, jamani, mchana kweupe, mbele ya hakimu, na bosi analia machozi ya kweli, kamasi juu!

Haya, tupumue kwanza. Aliyepokonya ni Chiriku, wakili mpya wa serikali kwenye kitengo cha kesi za watoto. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haujui likizo. Aliyepokonywa ni mkuu wa kitengo, mama wa makamo ambaye ofisi nzima humwita Pingamizi, kwa kunong'ona, maana yeye hupinga kila kitu, hata kikao alichokiitisha mwenyewe. Na mtoto? Mtoto ni mwanasesere wa plastiki, jicho moja, mguu mmoja, na nywele kama zimenyolewa na mtu aliyegombana naye.

Iko hivi. Mawakili wapya wakija, Pingamizi huwafundisha kwa kesi ya kuigiza. Wakili mmoja anasimama upande wa serikali, anaomba mtoto aondolewe kwao kwa sababu hatunzwi. Mwingine anamtetea mzazi. Mzazi ni Pingamizi mwenyewe, kila mwaka, hampi mtu nafasi hiyo. Hakimu ni mzee mmoja mstaafu anayekuja na joho lake kwenye mfuko wa plastiki. Na kuna sheria moja haivunjwi: hakuna kuacha kuigiza mpaka amri ya hakimu itekelezwe. Ukiwa mama, wewe ni mama. Kuna mwaka aliyeigiza polisi alimfungia mhasibu stoo.

Sasa safari hii kwa Chiriku haikuwa mchezo. Pingamizi alitangaza kwamba atakayeshinda ndiye atakayesimama kesho yake kwenye kesi halisi, ya binti wa miaka tisa ambaye mjomba wake alikuwa akimfungia ndani kutwa nzima, shule hajui ina rangi gani. Binti yuko kwenye makao ya muda, na mjomba anamtaka arudi. Chiriku alishafika huko makao, kubeba mafaili tu, hata kiti hakupewa. Binti akamtazama, akamuuliza, "Dada, wewe ndiye utakayenisemea?" Na ule mdomo ukajibu "Ndiyo" kabla kichwa hakijaulizwa.

Kwa hiyo lazima ashinde. Akishindwa anakwenda Suti, kijana wa kundi lake, anayevaa tai mpaka kwenye joto la kuyeyusha lami, na ambaye humwita yule binti "faili la kesho."

Wakasogeza meza za chumba cha mikutano. Birika likatolewa nje kwa heshima ya mahakama. Suti akasimama kumtetea mama.

"Mheshimiwa, mteja wangu ni mama mwenye upendo usio na kifani."

Pingamizi akambusu mwanasesere utosini. Akambembeleza. Akamwimbia! Hakimu akatoa leso.

Chiriku jasho likaanza kumchuruzika mgongoni. Ushahidi wake wote wa kubuni Suti aliupangua kama kete. Shahidi aliyemtegemea, yule yule mhasibu, safari hii ameazimwa awe jirani, alisahau anaishi nyumba gani. Kwisha habari. Ikabaki kumhoji mama.

Akakumbuka somo ambalo Pingamizi aliwaimbisha tangu siku ya kwanza: usimuulize shahidi swali ambalo jibu lake hulijui. Je, yeye alijua nini? Alijua kitu kimoja. Kila asubuhi yeye ndiye aliyetumwa kuchukua karatasi za fotokopi, na huko kabatini alikuwa akimkuta mtu. Na alijua kingine: Pingamizi akishaapa, hata kiapo cha kuigiza, hasemi uongo. Bora azimie.

"Mama," akaanza, "jana mtoto wako alilala wapi?"

Pingamizi akamkumbatia mwanasesere kwa nguvu.

"Napinga!" Suti akaruka.

"Kaa chini. Jibu, mama," akasema hakimu.

"Kabatini."

"Kabati la nini?"

"La karatasi."

"Amelala humo tangu lini?"

"Tangu... mafunzo ya mwaka jana."

"Kajifunika nini?"

"Hajajifunika. Juu yake kuna katoni ya wino." Sauti ikawa ya kuazima.

"Hee!" chumba kizima.

"Na mara ya mwisho alikula lini?"

"Mheshimiwa, huyu ni mwanasesere!" Suti akapiga kelele.

Hakimu akavua miwani taratibu. "Wakili. Mtoto aliye mbele ya mahakama yangu unamwita mwanasesere?"

Suti akakaa. Tai ikamkaba.

Chiriku akavuta pumzi yote iliyokuwa chumbani. "Mama, je, si kweli kwamba mguu wa kushoto wa mtoto wako, mguu ambao wewe kama mzazi ulipaswa kuulinda, ndio huo uliouchomeka kwenye dirisha la ofisi yako ili lisijifunge upepo ukivuma?"

Vichwa vyote vikageuka. Ng'ambo ya kioo, kwenye dirisha la bosi, kaguu kadogo ka plastiki kametulia zake, vidole juu.

"Kulikuwa na joto!" Pingamizi akaangua kilio.

Amri ikatoka pale pale. Mtoto aondolewe kwa mama mara moja. Kwa kuwa pa kumpeleka hapajapatikana, akae kwa wakili aliyemsemea. Mama ataruhusiwa kumwona saa ya chai, mbele ya afisa ustawi wa jamii.

Basi sinema ikahamia kwenye korido. "Mwanangu! Mlinzi, funga geti!" Pingamizi kapanua mikono, kaziba njia. Mlinzi hakujua amtii nani, bosi au mahakama, akawapigia saluti wote. Chiriku akainama, akapita chini ya kwapa la mkuu wa kitengo, mtoto kifuani, mbio hadi nje ya geti.

Amri imetekelezwa. Kilio kikakatika kama bomba lililofungwa.

"Swali lako la mwisho lilikuwa refu mno," akasema Pingamizi, akijifuta pua. "Kesho likate vipande." Akamkabidhi faili la binti.

"Bosi, shikamoo, yaani samahani, sikukusudia kuku..."

"Napinga. Ungeniogopa mimi, huyo mjomba ungemfanya nini? Nenda. Na mguu uache pale pale, joto bado lipo."

Nyumbani mama yake alimpokea mlangoni, macho kwenye kile kifurushi. "Wa nani huyo?"

"Wa serikali, mama. Usimshike bila kibali."

"Toka lini serikali ikazaa?"

Chiriku akamwaga yote bila kuvua viatu, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akavuta kiti. "Na yule binti uliyemwahidi?"

"Ndiye nasimama naye asubuhi." Chiriku alikuwa ameshafungua faili juu ya meza ya chakula, kalamu mdomoni. "Ya huyu nimemaliza kukwambia, mama. Ya binti hata mimi sijayaona bado. Kesho nikitoka mahakamani utayapata yote, neno kwa neno. Sasa nipishe, nikate maswali."