Uso wa Dama

Kwao Menza, Wagiriama wa Utange, binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, na tangu siku hiyo baba humwita bintiye "mama" bila kucheka. Menza alifuata desturi. Mamake alikuwa Dama, bintiye akawa Dama, na kila mgeni aliyeingia uani aliambiwa kwamba Dama mkubwa amerudi. Ni maneno ya kuwafurahisha wageni tu, lakini Menza, masikini, aliyaamini.

Dama mdogo alikufa kwa homa akiwa na miaka tisa. Mwaka uliofuata nyumba ya makuti ikaungua na picha zote za mtoto zikaenda na moto. Iliyosalia ni picha moja tu iliyokuwa kwa mwalimu: watoto arubaini mbele ya darasa, na uso wa Dama mdogo kama punje ya mtama, umefifia hata macho hayaonekani.

Sasa imepita miaka kumi na mmoja, na mkewe, Nyevu, anapofuka. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba nuru iliyopotea hairudi. Nyevu hakulia. Aliomba kitu kimoja.

"Dama namuona nikifumba macho," alimwambia mumewe. "Nataka nimuone yakiwa wazi, mara moja tu, kabla hayajafunga."

Menza akaenda Mtopanga kwa Ruwaida, mwenye studio ya picha, ambaye siku hizi huwatengenezea watu picha za marehemu wao kwa akili bandia.

"Mashine haimjui mtu, baba," Ruwaida alimweleza. "Yafuata picha uipayo. Hii ya shule haina uso wa kufuata. Huna nyingine, ya mtu aliyefanana naye?"

Menza akatoa kitambulisho cha marehemu mamake. "Huyu ndiye yeye. Jina moja, mtu mmoja."

"Na mamake mtoto, hana picha?"

"Ya nini? Jina ni la huku kwetu."

Ruwaida hakubishana na mzee. Akatia picha zote mbili, akaandika kwamba anataka msichana wa miaka tisa aliyevaa sare ya shule. Kidogo tu, mtoto akatokea kwenye kioo cha kompyuta, mashavu laini, macho yakimtazama Menza. Mzee mzima akalia pale pale kwenye stuli ya wateja. Alikuwa na hakika.

Nyumbani, Nyevu aliipokea picha ikiwa ndani ya fremu akaenda nayo mlangoni, palipokuwa na jua. Akaisogeza karibu na jicho, akaiinamisha, akaitazama muda mrefu.

"Huyu ni mamako," akasema.

"Si ndiye yeye?"

"Dama alichukua uso wangu, Menza. Paji hili, na jicho la kushoto likifumba kidogo akicheka. Nyinyi mlimpa jina tu."

Kesho yake alfajiri Menza alikuwa mlangoni kwa Ruwaida na picha ya Nyevu mkononi. Ruwaida akamuondoa bibi mzaa baba, akamtia mama, akaandika na habari za jicho la kushoto. Mashine ikatoa wasichana wanne, wote wazuri, wote wakicheka.

"Ni yupi, baba?" aliuliza kwa upole.

Menza akamtazama wa kwanza, akamtazama wa nne, akarudi kwa wa pili. Hakujua. Miaka yote hiyo alidhani anaukumbuka uso wa mtoto wake, kumbe alikuwa akimkumbuka mamake. Aibu ikamshika. Akaomba achapiwe wote wanne.

Alipofika nyumbani, Nyevu alisikia makaratasi akageuza uso.

"Usinionyeshe."

"Safari hii wametoka kwako, mama Dama. Chagua wewe."

"Tangu jana nikifumba macho nimuite, anakuja yule wa kwenye fremu. Asubuhi nimemuita tena. Nimemngoja wangu, haji." Akamshika mkono. "Mtoe."

Menza akaichukua fremu, akaenda nayo nyuma ya nyumba, akaichoma pamoja na wale wanne. Akarudi akaketi kando ya mkewe, mikono ikinuka moshi.

"Nimemtoa," akasema.

Nyevu akafumba macho, akangoja.

"Bado yupo," akasema.